Makofi kabla ya kuigiza

Mbukwenyi! Asanteni, naona Wagogo wangu mpo. Shikamooni wazee mliokaa huku mbele, vijana mambo vipi. Mliosimama mlangoni naomba msogee ndani, upepo wa Dodoma mwezi huu wa saba mnaujua wenyewe, ukiingia humu na vumbi lake tutakohoa mpaka jioni. Na hii njia ya katikati tuiache wazi jamani, msipange viti, kuna mtu atapita.

Nimeombwa niongee kuhusu maisha na kazi ya mwigizaji wa kike anayetumia kiti mwendo. Nimemchagua Ali Stroker wa Marekani kwa sababu habari zake zipo wazi na video zake mtaziona kwenye simu zenu mkitoka hapa, lakini nawaambia mapema kabisa nitamchanganya na binti mmoja wa kikundi chetu hapa hapa Dodoma. Jina lake silitaji. Kaniruhusu nisimulie ila jina kasema libaki kwenye mabango ya maigizo yake tu, na mimi nimempenda kwa hilo.

Naanzia usiku mmoja. Tarehe 9 Juni 2019, New York, ukumbi unaitwa Radio City Music Hall, zinatolewa tuzo za Tony, ambazo kwa watu wa jukwaani kule hakuna kubwa zaidi ya hizo. Mnajua inavyokuwa, wanaowania tuzo wamekaa kwenye viti na ndugu zao, wamependeza, kamera inawapita usoni mmoja mmoja, jina likitajwa mtu anaruka anamkumbatia mama yake anapanda ngazi huku analia. Ali Stroker hakuwepo pale kwenye viti. Alikuwa nyuma ya pazia anasubiri, kwa sababu kutoka kwa watazamaji kwenda jukwaani hakukuwa na rampu. Likatajwa jina lake, akatokea pembeni anasukuma magurudumu kwa mikono yake, akashika tuzo, akasema tuzo ile ni ya kila mtoto anayeangalia usiku ule mwenye ulemavu, mwenye kikwazo, mwenye changamoto, ambaye amekuwa akisubiri kumwona mtu kama yeye mahali kama pale. Tuzo za Tony zilianza mwaka 1947. Yeye ndo mtu wa kwanza anayetumia kiti mwendo kuzishinda. Hesabuni wenyewe, miaka 72.

Na baadaye usiku ule ule alipokuwa anaongea na waandishi hakuishia kwenye kushukuru tu, aliwaomba wenye kumbi na maprodyuza waangalie watafanyaje ili huku nyuma ya jukwaa kufikike. Maana mbele wanakwambia karibu, viti vya watazamaji wenye ulemavu vipo, nafasi ipo. Anayefikiriwa ni mtazamaji. Aliyejenga hakuwahi kuwaza kwamba mwenye kiti mwendo anaweza kuwa ndo yule watu wamelipa kuja kumwona.

Huyu Ali alizaliwa mwaka 1987 jimbo la New Jersey, jirani kabisa na New York. Akiwa na miaka 2 akapata ajali ya gari, uti wa mgongo ukaumia, akapooza kuanzia kifuani kushuka chini. Miaka 2, yaani ni mtoto anayejifunza kusema maji. Kwa hiyo kiti hakikumjia ukubwani kama msiba, amekua nacho kama nyinyi mlivyokua na miguu yenu, na hii ni muhimu sana kwa sisi waongozaji kwa sababu tukimwona mtu kwenye kiti tunaanza kutafuta huzuni usoni kwake wakati yeye siku hiyo kaamka anawaza nauli na mazoezi kama mwigizaji mwingine yeyote.

Alipokuwa na miaka 7 watoto wakaandaa igizo uani, igizo la muziki la Annie, yule binti yatima, na yeye akapewa Annie mwenyewe, uhusika mkuu. Uani, jamani. Hapakuwa na ngazi wala pazia wala kamati. Akaimba, na tangu siku hiyo akajua anachotaka.

Sasa kuimba kwenyewe, hapa naomba wanaofundisha kwaya mnisikilize. Mwimbaji akitaka kushikilia sauti ndefu anasukuma pumzi kwa misuli ya tumbo, ndo maana mwalimu wa kwaya anakugonga tumboni anasema "toa hapa, toa hapa". Mtu aliyepooza kuanzia kifuani misuli hiyo haimsaidii. Inabidi apange pumzi upya kabisa, avute wapi, akate wapi, neno gani alibebe na lipi aliachie. Kwa hiyo mkimsikia anaimba sauti kubwa, ile inayojaza ukumbi, mjue mnasikia kazi ya miaka mingi. Mshangilieni kwa hiyo kazi.

Akasoma Chuo Kikuu cha New York, shule yao ya sanaa inaitwa Tisch, akamaliza mwaka 2009, wa kwanza anayetumia kiti mwendo kupata digrii ya uigizaji pale. Mwaka 2012 akaingia kwenye shindano la televisheni linaloitwa The Glee Project, ambalo zawadi yake ilikuwa kupata nafasi kwenye tamthilia ya Glee, hakushinda ila alifika fainali, mwaka uliofuata akaitwa kuigiza humo. Na ndani ya tamthilia hiyo hiyo kulikuwa na kijana wa kiti mwendo, ameimba miaka yote, watu wamempenda, na aliyekuwa anamwigiza ni kijana anayetembea, Kevin McHale. Simlaumu yule kijana, aliitwa kazini akaifanya vizuri. Nitarudi kwenye hili.

Broadway, yaani zile kumbi kubwa za maigizo za New York, akaingia mwaka 2015, mtu wa kwanza anayetumia kiti mwendo kuigiza Broadway. Na mnajua nani alimfungulia mlango? Viziwi. Ni kundi la Deaf West kutoka Los Angeles, waigizaji viziwi na wasio viziwi wanaigiza pamoja, mmoja anaongea kwa alama mwenzake anaimba yale maneno, walipeleka igizo la Spring Awakening kule na yeye akiwemo. Mimi hilo linanigusa mpaka leo. Kumbi zile za zaidi ya miaka mia, maprodyuza wenye hela zao, na waliokumbuka ni watu ambao wenyewe walikuwa wamezoea kuambiwa hapa si mahali penu.

Halafu ndo ikaja Oklahoma!, igizo la muziki la tangu mwaka 1943, likarudishwa Broadway 2019, na hiyo ndo iliyompa ile tuzo. Sasa sikilizeni alipewa uhusika gani. Ado Annie. Ado Annie ni binti wa kijijini anayependa wanaume, yaani akiambiwa neno tamu hawezi kusema hapana, ana kijana mmoja mchunga ng'ombe anayetaka kumuoa, ana mchuuzi mmoja anayemdanganya kwa maneno, anawapenda wote, baba yake kashika bunduki, na wimbo wake mkubwa ni huo huo wa kusema siwezi kukataa. Anachekesha, ana tamaa, ana makosa. Waandishi wa mwaka 1943 hawakuandika kiti mwendo popote. Ali akaingia na kiti chake akazunguka nacho jukwaani kama mtu anayecheza na gauni, akawapigia wanaume macho, watu wakacheka mpaka basi, na hakuna sehemu hata moja igizo linasimama kueleza binti huyu alipatwa na nini.

Hapo ndo nilipotaka tufike.

Mnaoangalia bongo muvi na mnaoandika skripti, naombeni mkumbuke mara ya mwisho mlipoona mhusika mwenye ulemavu alikuwa anafanya nini. Ataomba barabarani. Atakuwa karogwa na mke mwenza. Atakuwa adhabu ya mzazi aliyekula fedha za watu. Au atakuwa anaumwa umwa pembeni halafu mwisho anaombewa anasimama, watu wanapiga vigelegele, muvi imekwisha. Hata sisi wa maigizo ya mashuleni na makanisani tumo, mimi mwenyewe nimeandika mawili ya namna hiyo na nikayaigizisha, na nimewaomba radhi wanaohusika. Mnaona shida yake? Mhusika wa namna hiyo hapendi mtu, hadanganyi, haibi, hana wivu, hana ujanja. Amekaa pale ili wengine waonekane wana huruma. Mwigizaji atafanya nini na uhusika kama huo, ainamishe kichwa tu?

Hata wenzetu wenye hela nyingi lilikuwa linawasumbua. Lile igizo la muziki la Wicked lilianza Broadway mwaka 2003, lina dada anaitwa Nessarose anayetumia kiti mwendo, na kwenye igizo la jukwaani inafika mahali uchawi unamfanya anatembea. Filamu yake ilipotoka mwaka 2024 uhusika huo alipewa Marissa Bode, binti wa Wisconsin aliyezaliwa mwaka 2000, aliyepata ajali ya gari akiwa na miaka 11 na tangu hapo anatumia kiti mwendo kweli. Na kwenye sehemu ya pili ya filamu wakabadilisha, uchawi haumtembezi tena, unampaisha hewani. Yaani kuwepo kwake tu kazini kumebadilisha hadithi. Na huyo Nessarose, mkimwona, siyo malaika. Ana uchungu, ana mapenzi ya kung'ang'ania, anaumiza watu. Vizuri sana.

Haya, sasa nirudi nyumbani.

Huyu binti wetu alikuja kikundini miaka kama minne iliyopita, anatokea Nkuhungu, anakuja na bajaji kwa sababu daladala makonda walikuwa wanamwambia "dada, kiti chako ni abiria wawili", wakati mwingine wanamlipisha kweli wawili, wakati mwingine gari halisimami kabisa. Na barabara za kwetu mnazijua, ukitoka lami ni mchanga, na kwenye mchanga kuna miiba. Miiba ya huku ni misumari. Alikuwa anatembea na solusheni, kiraka na pampu ndogo kwenye mfuko nyuma ya kiti, nimemshuhudia anaziba pancha mwenyewe chini ya mwarobaini nje ya ukumbi wetu huku anakariri mistari ya mtu mwingine.

Nasema ya mtu mwingine kwa sababu mwaka mzima wa kwanza sikumpa uhusika. Nilimpa kutunza mavazi na kushika skripti ya kuwakumbushia wenzake. Niliona nimemtendea wema. Nilikuwa najiambia tukienda kuigiza Mpwapwa, Kongwa, kule tutampandishaje, atachoka, watu watamshangaa. Yeye hakuniambia kitu, alishika skripti akaikariri yote, wahusika wote, mpaka sauti zao.

Tulikuwa na igizo la kuchekesha kuhusu mama mwenye nyumba na wapangaji wake, ugomvi wote ni wa umeme wa LUKU, mama mwenye nyumba anachangisha hela ya umeme kwa wapangaji wote halafu ananunua nusu, nyingine anaweka kibindoni, ukiisha usiku anawalaumu wao kwa kupasi nguo. Mwigizaji wetu wa mama mwenye nyumba akaolewa, akahamia Singida, wiki mbili kabla ya onyesho. Siku hiyo nikamwambia binti soma tu mistari ili wenzako wafanye mazoezi.

Akasoma. Ikafika pale mpangaji anamwambia mama, hela tulikupa elfu thelathini, umeme umekaa siku nne. Binti akawa anamsogelea taratibu na kiti, hasemi kitu, anamwangalia. Akafika karibu. Akavuta breki. Ka! Mnajua ule mlio wa breki ya kiti mwendo, mfupi, mkavu kama mtu amevunja kijiti. Chumba kizima kikanyamaza. Ndo akasema, "Elfu thelathini. Umezihesabu vizuri, au umehesabu na hamu yako?" Kijana aliyekuwa anaigiza mpangaji akarudi nyuma mwenyewe, hakuna aliyemwelekeza, akainama kidogo ili amjibu usawa wa macho, na mpangaji akishainama mbele ya mama mwenye nyumba ujue tayari ameshaanza kuomba radhi. Mimi nimefundisha maigizo miaka mingi, sijawahi kuona mtu anatawala chumba akiwa chini kuliko wote waliosimama. Yule wa kwanza alikuwa anapiga kelele na kushika kiuno. Huyu alivuta breki.

Wiki mbili baadaye tukaigiza Nkuhungu, uwanjani, watu wamekaa chini na kwenye ndoo. Walicheka! Kuna mama mmoja alipiga kelele "huyo ndo wa kwangu kabisa!", maana yake mwenye nyumba wake. Walimchukia, walimcheka, mtoto mmoja akamwambia mama mwizi. Binti alilala anacheka siku hiyo.

Wiki iliyofuata tukaalikwa kwenye ukumbi mmoja mzuri hapa mjini, ukumbi siutaji. Kwenye simu niliuliza kama kuna njia ya kiti mwendo, nikaambiwa ipo madam, usijali. Tukafika. Njia yenyewe ni ngazi saba za terazo na kijana anasema "tutambeba". Mlango wa nyuma una kufuli na mwenye funguo kaenda Kibaigwa. Watazamaji wameshaingia, wageni wamekaa, muda umefika. Vijana wanne wakamshika, mmoja akashika gurudumu, nikamsikia binti anamwambia "usishike hapo kaka, linazunguka", wakampandisha mbele ya watu wote, kiti kimelala kwa nyuma, mkono mmoja kashikilia kiti mwingine kashikilia kanga isifunguke.

Na watu wakapiga makofi. Wengine wakasimama kabisa. Kuna mzee alifuta machozi.

Nilimkuta pembeni ya pazia anajifunga kanga upya, mikono inatetemeka. Akaniambia, "Madam, wamenipigia makofi kabla sijaigiza." Kisha akasema, "Sasa nikitoka pale wataona nini?"

Na kweli hawakuona. Igizo lile lile, breki ile ile, mistari ile ile. Mama mwenye nyumba anadanganya kuhusu LUKU na watu wanasema "masikini". Anamfokea mpangaji na watu wanatikisa kichwa kwa huruma. Hakuna aliyecheka, ilikuwa kama msibani. Walikuwa wameshamwona akibebwa, na baada ya hapo hakuwa tena mwigizaji wala mama mwenye nyumba, alikuwa yule binti aliyebebwa. Mwisho wakapiga makofi tena, mengi kuliko Nkuhungu, na zawadi wakampa. Alirudi nyumbani hajasema neno kwenye bajaji.

Jamani mimi sipigani na makofi. Sanaa yetu inaishi kwa makofi. Wazee hapa mbele mnamkumbuka Mzee Morris Nyunyusa, ngoma zake zilikuwa zinafungua taarifa ya habari ya Radio Tanzania, mtu mmoja anapiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja. Hakuwa anaona. Lakini nani alikaa na redio akasema sasa tusikilize ngoma za kipofu? Tulisema ngoma za Mzee Morris, tukanyamaza habari ianze. Radio haikutuonyesha anaongozwaje kwenda kwenye ngoma zake. Tulianza kumjua kwenye mdundo.

Ndo maana habari ya Ali Stroker kuwekwa nyuma ya pazia inaniuma kwa namna mbili. Inaniuma kwamba hakukaa na wenzake. Na wakati huo huo namshukuru Mungu kwamba hakubebwa mbele ya kamera, alitokea mwenyewe. Alichotakiwa kupata ni vyote viwili, kukaa na wenzake na kupanda mwenyewe, na kinachotofautisha ni mbao tu na mtu wa kuzipanga.

Kuna mwingine, Madison Ferris, mwaka 2017 aliigiza Laura kwenye The Glass Menagerie ya Tennessee Williams, Broadway, naye ana ugonjwa wa misuli, anatumia kiti mwendo. Mwanzoni mwa igizo alitoka kwenye kiti akapanda ngazi za jukwaani kwa mikono yake, taratibu, watu wote wanaangalia, na Sally Field aliyekuwa anaigiza mama yake yuko naye. Ngazi kama zile zetu za terazo. Ila zake zilikuwa ndani ya igizo. Mwongozaji alizipanga, yeye alizifanyia mazoezi, ule mwendo ulikuwa wa Laura na mama yake. Hakuna aliyembeba kabla ya kazi kuanza.

Baada ya siku ile tulikwenda kwa fundi seremala. Naomba niwape vipimo kwa sababu watu wengi wanasema rampu halafu wanaweka ubao mmoja umesimama kama ngazi ya kupandia dari. Kanuni ni moja kwa kumi na mbili, kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Jukwaa letu lina sentimita 80. Kwa hiyo rampu ni mita 9 na sentimita 60. Fundi alishtuka, akasema madam hiyo ni barabara. Tukaikunja, mita tano kasoro kidogo, sehemu tambarare ya kugeuzia, halafu inarudi. Tumeitengeneza vipande vinavyofunguka ili ipande kwenye kenta tukisafiri. Pembeni ina kingo ya ubao mdogo gurudumu lisichomoke. Juu tumegundishia mazulia mabovu, kwanza lisiteleze, pili kelele, maana magurudumu kwenye mbao tupu yanaunguruma na yeye hataki watu wamsikie kabla hajataka wamsikie. Kiti chake kina upana wa sentimita 65, mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ulikuwa 60, tumeuvunja. Hiyo ndo siku niliyojua kwamba mwaka mzima alikuwa anabadilisha nguo stoo.

Za sheria nipite haraka, mtazisoma. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Tuna mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu tulioridhia mwaka 2009, humo ibara ya 30 ni ya utamaduni na sanaa. Na zile asilimia 10 za mapato ya halmashauri zinazokopeshwa vikundi, 2 ni za watu wenye ulemavu, vikundi vya sanaa vinaweza kuomba, nendeni kwa afisa maendeleo wa kata yenu muulize. Sensa ya 2022 ilionyesha asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Mkihesabu waliomo humu leo, halafu mhesabu waliomo kwenye vikundi vyenu, mtaona pengo lilipo.

Naona kaka pale ananyoosha mkono muda mrefu. Sema kaka. … Ndiyo. Ameuliza, kuigiza si ni kuigiza, kwani asiye na ulemavu akiigiza kiti mwendo kuna kosa gani, mbona tunaigiza wafalme na sisi si wafalme. Asante, swali zuri na umeliuliza kwa heshima. Nakubaliana na wewe kwamba kuigiza ni kuigiza. Ila sasa tukubaliane pande zote. Kama wewe unayetembea unaweza kuwa mtu wa kiti mwendo, basi na binti wa kiti mwendo awe mama mwenye nyumba, awe mbunge, awe mke wa mtu, awe mchawi, awe mchumba wa jambazi. Ukiniambia huo mlango uko wazi pande zote mbili nitanyamaza. Leo hii wewe unapita kwenda kwake na yeye hapiti kuja kwako, na zile nafasi chache zenye kiti ndani yake bado tunampa anayekishusha garini siku ya shuti na kukirudisha jioni.

Niwaambie jambo moja la mwisho, la ngoma. Igizo letu tunalifungua kwa muheme, na muheme mnajua ni ngoma ya akina mama wa Kigogo, mama anaibana katikati ya mapaja anapiga huku anacheza. Binti alitaka kupiga. Mapaja yake hayabani. Tulimwita bibi mmoja wa Chamwino anayefundisha, mimi nikaanza kumweleza kwa maneno mengi, bibi wala hakunisikiliza, akamwambia "mwanangu leta kanga mbili". Moja akaifunga ngoma kiunoni, nyingine akaizungusha chini ya kiti akakaza fundo, akaipiga mara mbili kusikia kama imeshika. Akamwambia piga. Dakika tano. Siku hizi anapiga muheme na kiti kinazunguka, breki inaingia kwenye mapigo, ka, ka, na bibi akiwepo anakasirika kama akichelewa pigo, anamfokea kama anavyowafokea wengine wote.

Haya, muda wangu umekwisha. Ile njia ya katikati, naona bado iko wazi, asanteni sana. Rampu yetu ipo hapa kushoto, tumekuja nayo kwenye kenta asubuhi. Tutawaonyesha kipande cha dakika kumi cha mama mwenye nyumba. Naomba taa za nyuma zizimwe. Na ninawaomba kitu kimoja, atapita hapa katikati yenu sasa hivi kuelekea jukwaani, msipige makofi akiwa anapita. Subirini kwanza muone alichofanya na hela ya LUKU.

Karibu.